Nyumba Njema Si Mlango: Uhifadhi wa Majumba ya Kale na Wajibu wa Kalamu

Watu wa pwani wana methali isemayo: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kutahadharisha juu ya watu, ili uzuri wa sura usimpumbaze mtu akasahau kuchunguza tabia. Lakini ikirejeshwa kwenye maana yake ya wazi, nyumba ikawa nyumba na mlango ukawa mlango, inageuka kuwa kipimo kikali cha kazi nzima ya kuhifadhi majengo ya kale katika visiwa hivi. Mlango wa nakshi wa Zanzibar, pamoja na miimo yake, mfaa wake na misumari yake ya shaba, umekwisha kuwa nembo. Umo katika kadi za posta, katika kalenda, katika vipeperushi vya mahoteli na katika majalada ya vitabu. Kila mgeni huupiga picha. Suali linalostahili kuulizwa ni kama wale waliojitwika kazi ya kuutambua urithi huu, washairi na waandishi wakiwa miongoni mwao, wamepata kuufungua mlango huo wakaingia ndani, au wamebaki kizingitini wakiisifu nakshi.

Uhakiki wa haki huanza kwa kutaja lililotendwa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe walikuwa wameondoka yalichukuliwa na serikali na kugaiwa familia ambazo hazikupata kuota kwamba zingelala chini ya dari la boriti. Kwa familia hizo jambo hilo halikuwa dogo, na hakuna sababu ya kulisimulia kama kwamba lilikuwa msiba mtupu. Ila jumba kubwa lenye ghorofa mbili au tatu, lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja wenye mali, liligawanywa vyumba vyumba kwa kodi ndogo, na hapakuwa na mfuko wa kulikarabati. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kuta zilikuwa zinaanguka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 majengo yapatayo 1,700 yalikaguliwa moja moja, na mengi yao yakaonekana kuwa katika hali ya kuchakaa. Mwaka 1994 ukaja mpango mkuu wa hifadhi, uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, pamoja na sheria ya kuusimamia. Sheria nyengine ikafuatia mwaka 2010. Na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Yapo matunda ya kuonekana kwa macho. Zahanati ya zamani ya Tharia Topan pale Mizingani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na ujenzi wake ukakamilika mwaka 1894, ilikuwa imebaki gofu lenye roshani zinazoning'inia. Katika miaka ya 1990 ilikarabatiwa, na nakshi zake za mbao zikarudishwa mahali pake. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Majumba mengi yaliyokuwa yakingoja kuanguka yalinunuliwa au kukodishwa yakawa mahoteli, na mengi katika hayo leo yamesimama wima. Mtu anayekanusha haya anakanusha jua la mchana.

Hata hivyo, mafanikio ya namna hii yana upungufu wake, na upungufu huo unafanana mno na kosa la msomaji anayeusifu ushairi kwa vina na mizani tu. Vina vikikaa sawa, husema shairi limekamilika, wala haulizi limesema nini. Vivyo hivyo, roshani ikirudishwa na ukuta ukipakwa chokaa nyeupe, jengo huhesabiwa kuwa limehifadhiwa, wala haiulizwi nani aliyekuwa akiishi humo, kahamia wapi, na nani anayeishi humo sasa. Jumba likigeuzwa hoteli, mwili wa nyumba hupona na watu wa nyumba huondoka. Baraza ya nje, iliyokuwa mahali pa wazee kukaa baada ya sala ya alasiri, hubakia jiwe la kukalia wageni wanaosubiri gari. Hakuna aliyevunja sheria. Ramani inasema baraza ipo, na kweli ipo. Kinachokosekana ni mazungumzo, na mazungumzo hayana alama yake katika ramani.

Jambo hili linawahusu wapenzi wa ushairi kuliko wanavyodhani. Baraza ni mojawapo ya madarasa ya kale ya fasihi ya Kiswahili. Hapo ndipo mashairi yalipojibizana, ndipo fumbo lilipofungwa na kufunguliwa, ndipo kijana alipojifunza kunyamaza mpaka ajue lini aseme. Pale panapoitwa Jaws Corner, chini ya vivuli vya kuta za Mji Mkongwe, kahawa na siasa na utani vingali vinakwenda pamoja, na watu wanaokaa pale hawahitaji kuambiwa na mtu kwamba mahali hapo ni urithi. Wanapahifadhi kwa kupakalia. Huo ni uhifadhi wa aina yake, nao hauna bajeti.

Ili hoja isielee hewani, inafaa nyumba yenyewe itazamwe jinsi ilivyojengwa na jinsi inavyokufa. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mnene, nao umejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyoshikamanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Dari na sakafu ya juu huchukuliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, kiasi cha mita tatu kwa upana au chini ya hapo. Ngozi ya nyumba ni lipu ya chokaa. Chokaa hupumua: unyevu ukiingia ukutani hupata njia ya kutoka. Fundi asiyejua siri hii, au anayeijua lakini hana fedha wala muda, hupiga lipu ya saruji. Kwa mwaka mmoja au miwili ukuta hupendeza. Kisha unyevu uliofungiwa ndani huanza kula udongo ulioshika mawe, na nyumba huoza nyuma ya uso mzuri. Boriti nazo, kichwa cha kila moja kikiwa kimezikwa ukutani, huanza kuoza pale pale pasipoonekana. Paa likivuja, au bomba la choo cha ghorofani likipasuka, kazi ya miaka kumi hufanyika kwa masika mawili.

Hapa ndipo methali ya pili inapojileta: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii husomwa skuli kama onyo kwa mvivu. Lakini ndani yake mna dhana iliyofichika, nayo ni kwamba anayeuona ufa ndiye mwenye ukuta, na mwenye ukuta ndiye mwenye uwezo wa kuuziba. Katika Mji Mkongwe mambo hayako hivyo. Anayeuona ufa ni mpangaji, maana ndiye anayelala chini yake. Mwenye ukuta huenda akawa serikali, au Kamisheni ya Wakfu, au warithi kumi na tano waliotawanyika baina ya Unguja, Dar es Salaam, Maskati na London, ambao hawajakaa pamoja tangu mzee wao afariki. Mwenye kutoa ruhusa ya kuuziba ni Mamlaka. Mwenye kujua namna ya kuuziba ni fundi wa chokaa, ambaye ni mzee na wanafunzi wake ni wachache. Na mwenye fedha ni mwekezaji, ambaye atauziba kwa furaha iwapo mpangaji atahama kwanza. Methali imekigawanya kitendo kimoja kwa watu watano, na baina ya mmoja na mwengine ndipo nyumba inapoangukia. Anayemlaumu mpangaji kwa uvivu hajauelewa ufa wala methali.

Mfano mkubwa kupita yote ni Beit el Ajaib. Jumba hilo lilijengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883, likiwa na nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo ya bahari na roshani pana kila upande. Liliwashangaza watu kwa umeme na kwa lifti, na jina lake likatokana na mshangao huo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga mji kwa muda usiotimia saa moja. Beit el Hukum, jirani yake, ikaharibika kabisa, na yenyewe ikabaki. Ilipita katika mikono ya masultani, ya wakoloni, ya serikali ya Mapinduzi, kisha ikawa makumbusho. Hapakuwa na jengo lililotambuliwa kuliko hilo katika mwambao mzima wa Afrika Mashariki. Lilikuwa na sheria, lilikuwa na orodha ya Dunia, lilikuwa na picha katika kila kitabu cha mgeni.

Mwaka 2012 sehemu yake moja iliporomoka, na jumba likafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya ukarabati iliyofadhiliwa na Oman ikiendelea, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha.

Tukio hilo linafundisha kwamba heshima haibebi dari. Kutambuliwa ni kitu kimoja na kutunzwa ni kitu chengine, na baina yao pana umbali ambao hupimwa kwa mifereji ya maji iliyozibuliwa kwa wakati, kwa boriti zilizobadilishwa kabla hazijalia, kwa kaguzi ambazo hakuna gazeti linaloziandika kwa kuwa hazina habari. Aidha, tukio hilo linaitia kalamu majaribuni. Jengo lenye jina la Maajabu likianguka, huzuni huja na maneno yake tayari: fahari iliyozimika, saa iliyonyamaza, bahari iliyoshuhudia. Maneno hayo ni mepesi kupatikana. Wafanyakazi waliokuwa wakilitengeneza jumba hilo hawana maneno yaliyo tayari, na kwa hiyo huachwa nje ya ubeti. Maombolezo yoyote ya Beit el Ajaib yasiyowataja watu waliokufa mguuni pake yana pengo ambalo urari wa vina hauwezi kuliziba. Shairi la namna hiyo limesimama mlangoni.

Fasihi ya Kiswahili inacho kipimo chake cha kale katika jambo hili, nacho ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate aliyeishi katika karne ya 18 na kuingia mwanzo wa karne ya 19. Katika utenzi huo mshairi anaipitisha fikra yake katika majumba ya mabwana wa Pate, yaliyokuwa na taa, na vitanda, na zidaka za kupangia vyombo vya thamani, na kuyakuta yamekuwa makazi ya wadudu na ndege. Hakuna maelezo ya gofu yaliyo mashuhuri kuliko hayo katika lugha hii, na kila anayeandika juu ya nyumba iliyoanguka anaandika katika kivuli chake, ajue asijue.

Inafaa kukumbusha kwamba historia ya kusomwa kwa utenzi huo imeshikana na historia ya kuhifadhi majengo. William Hichens aliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1939. Mwaka 1977 ukatoka tena kwa kazi ya James de Vere Allen, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, na aliyeandika pia juu ya nyumba na makaburi ya Waswahili. Kwa maneno mengine, mtu yule yule aliyekuwa akikusanya milango, viti na siwa ndiye aliyekuwa akizisoma beti. Kwa msomaji wa namna hiyo utenzi ulikuwa shahidi: ulieleza zidaka zilikuwa za nini, chumba kilipambwaje, nani alikaa wapi. Usomaji huo ni halali, na umesaidia sana kuzielewa nyumba za Lamu na Pate. Mji wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi na serikali ya Kenya mwaka 1986, ukaingia katika orodha ya Dunia mwaka 2001, na miongoni mwa yanayothaminiwa humo ni zile zidaka, madaka na mawikio yaliyovuka juu ya vichochoro. Kila neno katika maneno hayo ni chumba cha lugha. Siku nyumba itakapobadilishwa na wajenzi wasiojua wikio ni nini, neno litabaki kamusini, likiwa na maana lakini halina kivuli.

Lakini usomaji wa ushahidi hauutoshi utenzi huo. Sayyid Abdalla hakuyaandika majumba kwa ajili ya kuyahesabu. Anauhutubia moyo wake mwenyewe. Gofu kwake ni hoja, na anayeshitakiwa ni yule anayelitazama. Humo ndimo mna tofauti baina yake na wengi wanaomfuata. Ubeti wa siku hizi juu ya nyumba ya kale mara nyingi huyashitaki masika, huishitaki bahari, huzishitaki siku. Huwashitaki watu wote isipokuwa mtunzi na msomaji wake. Huzuni imeazimwa, hoja imeachwa. Hali mambo yanayoangusha nyumba leo yanajulikana kwa majina: saruji mahali pa chokaa, kodi isiyotosha kununua hata bati moja, mirathi isiyogaiwa, ruhusa inayokawia, fundi asiyelipwa. Mshairi anayeyajua hayo akaandika tu kwamba dunia haidumu, amesema kweli, na kwa kweli hiyo ameyafunika mambo yaliyokuwa na dawa.

Haimaanishi kwamba ushairi ugeuzwe ripoti ya mhandisi. Maana yake ni kwamba utajo wa kitu kwa jina lake ni sehemu ya sanaa, na umekuwa hivyo tangu kale. Nguvu ya Al-Inkishafi imo katika vitu vyake. Msomaji haambiwi tu kwamba palikuwa na utajiri. Anaonyeshwa chombo, anaonyeshwa pahala pa chombo, kisha anaonyeshwa pahala pale pale pakiwa na kiumbe chengine. Ukiondoa majina ya vitu, mahubiri hubaki lakini hayachomi.

Kipo kitabu chengine kinachostahili kuwekwa kando ya utenzi huo, ingawa kiliandikwa kwa Kijerumani na mbali na hapa: kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, zilizochapishwa mwaka 1886. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, na humo kitabuni kasri hilo limejaa watu, hamamu, wanyama, harufu na kelele. Leo Mtoni ni magofu. Anayetaka kuingia ndani ya nyumba ile hana budi kuingia kwa njia ya kitabu. Hata hivyo, Salme aliiona nyumba kwa macho ya binti wa mwenye nyumba. Kazi ya watumwa iliyoijenga na kuiendesha nyumba hiyo imo kitabuni kama maji yalivyomo katika hamamu, inatumika bila ya kuhojiwa. Kalamu imeihifadhi nyumba, na pamoja na nyumba imehifadhi kizingiti chake: nani alipita mlango wa mbele na nani hakupita.

Hilo linaielekeza hoja upande wa pili wa mji. Mji wa Zanzibar tangu karne ya 19 ulikuwa na pande mbili zilizotenganishwa na mkono wa bahari: upande wa mawe na upande wa Ng'ambo. Maji yale yamekwisha kufukiwa, na pahala pake pamekuwa barabara, lakini mpaka umebaki katika fikra na katika orodha. Ng'ambo palikaa wavuvi, mahamali, mafundi, wapishi, watumwa waliopata uhuru na watoto wao, katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti. Nyumba hizo hazikukusudiwa kudumu miaka mia mbili, na kwa hivyo vipimo vya kawaida vya urithi, vinavyouliza umri wa ukuta na ubora wa nakshi, havikuwa na la kuuliza huko. Eneo lililotambuliwa mwaka 2000 liliishia upande wa mawe.

Lakini ikiulizwa ni wapi fasihi na muziki wa visiwa hivi vilikokulia, Ng'ambo haiwezi kuachwa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, aliishi Ng'ambo, na huko ndiko nyimbo zake zilikotungwa, zikazoezwa na kuhukumiwa na wasikilizaji waliozielewa kabla hazijaenda kwa wakubwa. Mwaka 1928 alisafiri kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti ya mwanamke kutoka vibanda vya Ng'ambo ikasikika mwambao mzima. Katika miaka hiyo hiyo wakaazi wa Ng'ambo waliingia katika mgomo mkubwa wa kodi ya ardhi, wakikataa kulipia viwanja ambavyo juu yake walijijengea wenyewe. Yaani suali la nyumba ni ya nani, linaloisumbua leo Mamlaka ya Mji Mkongwe, lilikwisha kuulizwa Ng'ambo karibu miaka mia moja iliyopita, na waliouliza walikuwa wapangaji. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, aliuhifadhi mlango ambao hakuna mhandisi ambaye angeuandikia ripoti.

Kwa hiyo yafaa kuusifu mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ulioanzishwa katika muongo wa 2010 chini ya idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na wataalamu wa nje, ambao uliwashirikisha wakaazi katika kuchora ramani ya mitaa yao na kutaja yanayostahili kubaki. Mradi huo ulikubali jambo lililokuwa gumu kukubalika kabla yake: kwamba mskiti mdogo wa mtaa, uwanja wa mpira, mahali pa kufanyia maulidi, klabu ya taarabu, hata yale majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni kumbukumbu za mji na yana haki ya kuzungumzwa katika baraza moja na kasri na ngome. Yapo ya kubishania. Kwa wengine Michenzani ni ahadi ya usawa iliyotimizwa kwa zege. Kwa wengine ni mitaa iliyobomolewa ili majumba hayo yapate pahala. Kauli zote mbili zina wenyewe walio hai, na uhifadhi wa kweli ungeziandika zote mbili ukutani pale pale.

Hapo ndipo udhaifu wa orodha na udhaifu wa ubeti unapokutana. Orodha hupenda jengo lisilo na ugomvi, na ubeti hupenda gofu lisilo na mtu. Jengo lenye wapangaji kumi na mbili, kesi ya mirathi, bomba linalovuja na bibi mmoja anayekumbuka harusi zote zilizofanyika uani halipendezi kwa upande wowote. Walakini hilo ndilo jengo lililo hai, na hilo ndilo litakaloanguka iwapo halikutazamwa.

Yapo mambo manne ambayo wapenzi wa lugha wanaweza kuyafanya bila ya kungoja mfadhili. La kwanza ni kukusanya majina: ya sehemu za nyumba, ya vyombo vya fundi, ya hatua za kuchoma na kuroweka chokaa, ya aina za boriti, kutoka vinywani mwa mafundi wangali wapo, kwa lafudhi ya Kiunguja, ya Kipemba na ya Kiamu. La pili ni kuandika historia ya nyumba moja moja kwa majina ya waliokaa humo, wenyeji na wapangaji, waungwana na watumwa, kabla na baada ya 1964, bila ya kuchagua zama za kupenda na zama za kuruka. La tatu ni kwa wahakiki: shairi juu ya jumba la kale lipimwe kama shairi jengine lolote, lisisamehewe uvivu wake kwa sababu linahuzunikia kitu kizuri. La nne ni kuisema hoja ya mpangaji kwa lugha itakayosikika na wenye mamlaka, maana hakuna mpango wa hifadhi utakaosimama iwapo anayelala chini ya ufa ndiye pekee asiyeulizwa.

Mafundi wa kale walikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa katika sheria ya 1994 wala ya 2010. Chokaa nzuri haipatikani siku inayohitajiwa. Matumbawe huchomwa kwanza juu ya tanuu la magogo, kisha chokaa hurowekwa na kuachwa kwa muda mrefu, miezi ikiwezekana, mpaka ilainike na kutulia. Ndipo huchanganywa na kupakwa. Kwa hivyo anayetaka kuziba ufa kabla ya masika ya Machi lazima awe ameiroweka chokaa yake tangu vuli, wakati ufa ungali mwembamba na jirani wakimcheka kwa haraka yake.